Paa la Mama Shuka

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Shuka alifua shuka za hospitali, na jina likamganda. Lile la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti tu. Hata mama yake mzazi alimwita Mama Shuka, hasa akiwa amemkasirikia. Alijua kutoa damu kwenye pamba kwa maji baridi na chumvi. Alijua shuka ipi imetoka wodi ya wazazi na ipi imetoka kwa majeruhi, bila kuambiwa na mtu. Dawa za kufulia zilikuwa zimemlainisha kucha zikawa hazikui tena, na ukimpa mkono ulihisi umeshika kitambaa kibichi.

Walikuwa wawili, yeye na mama yake, katika chumba kimoja cha kupanga. Mama alikuwa amepooza upande wa kushoto, ulimi ukabaki mzima, tena mzima kupita kiasi. Kitanda chake kilikuwa upande wa dirisha. Godoro la Mama Shuka lilikunjwa kila asubuhi na kusimamishwa nyuma ya mlango. Choo kilikuwa nje, ng'ambo ya ua, cha wapangaji sita. Kumpeleka mama huko ilikuwa safari nzima: kumbeba mgongoni, kupita chini ya kamba za nguo, kugonga mlango, kuambiwa "kuna mtu," kusubiri. Mama naye, akiwa juu ya mgongo wa mwanawe, hakuwa mtu wa kusubiri kimya. Alipaza sauti ili aliyemo ndani asikie: "Huyu anataga au vipi?" Wapangaji walivunjika mbavu. Mama Shuka hakucheka, maana aliyekuwa amebeba ni yeye.

Kwa hiyo usishangae kwamba alitaka nyumba yake. Hakutaka ghorofa, hakutaka marumaru. Alitaka vyumba viwili, sebule, jiko, na choo cha ndani, hatua nne kutoka kitanda cha mama. Kiwanja alikinunua zamani akiwa bado na nguvu zake, na wa kumjengea akampata Fundi Kamba.

Huyu Fundi Kamba alikuwa mwembamba, mzee kidogo, mtu wa maneno ya kuhesabu. Alikuwa na kipande cha kamba ya nailoni mfukoni siku zote, na hakuweka tofali hata moja bila kuivuta. Hata ukuta wa banda la kuku aliuvutia kamba. Ukimuuliza kwa nini hakadirii kwa jicho kama wenzake, alikujibu kwamba macho yake aliyatumia vibaya ujanani, siku hizi hayaamini.

Sasa kuna jambo moja kuhusu mafundi wa nyumba za watu wa kawaida, ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema waziwazi. Fundi akipokea pesa ya nyumba yako, na kuna nyumba ya mwingine imekwama, pesa yako inakwenda kukwamua ile. Kisha yako ikikwama, itakwamuliwa na pesa ya mtu wa tatu ambaye bado hata hajachimba msingi. Inazunguka hivyo. Ilimradi kila mwezi kuna mtu anataka kujenga, nyumba zote zinakwisha na hakuna anayegundua. Fundi Kamba alifanya kazi namna hiyo maisha yake yote, na hakuwa ameacha nyumba ya mtu njiani.

Basi akachimba msingi, akalipwa msingi. Hapo hapakuwa na neno. Ugomvi ulianzia kwenye kuta, ingawa ulikuja kuonekana kwenye paa.

Kuta zilipofika magotini, ndipo kiharusi kilipomrudia mama mara ya pili. Mshahara wa dobi ukaishia kwenye dawa, kwenye teksi za kwenda na kurudi kliniki, kwa mtu wa kumkanda miguu. Mama Shuka akaenda kiwanjani, akasimama mbali kidogo, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Fundi, mwezi huu sina kitu. We inua tu, nitakulipa."

Fundi akautazama ukuta. "Nisisimamishe kwanza?"

"Usisimamishe, nakuomba. Ukisimamisha mimi sitaanza tena, najijua."

"Haya, mama."

Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano yote. Hapakuandikwa kitu, hapakuwa na shahidi zaidi ya pipa la maji na koleo. Mwezi ukawa miwili, miwili ikawa saba. Kuta zikafika madirishani, zikapita madirisha, lenta, ule mkanda wa zege, ikafungwa juu yake. Matofali yalitoka wapi, saruji ilinunuliwa na nani, Mama Shuka hakuuliza. Kusema kweli aliogopa kuuliza, kwa kuwa angejibiwa. Alibadilisha hata njia ya kwenda kazini ili asipite karibu na anakojenga fundi. Na walipokutana uso kwa uso, fundi alimsalimu, akamuuliza mama anaendeleaje, akapita zake. Hakumdai hata siku moja. Hilo ndilo lililomuuma Mama Shuka kuliko yote. Afadhali angemtukana mbele za watu, wakamalizana.

Baadaye alilipa, leo kidogo, mwezi ujao kidogo, hadi deni la kuta likaisha. Lakini miezi saba ilikuwa imeshapita, na hakuna anayeweza kuirudisha nyuma.

Mwaka aliostaafu, mambo mawili yalimfikia wiki moja: kiinua mgongo, na habari kwamba mwenye nyumba wanamopanga ameuza. Mnunuzi alitaka kuvunja vyumba vyote ajenge maduka. Wapangaji wakapewa miezi mitatu. Wengine walifunga vyombo wakaenda zao, lakini Mama Shuka alizunguka mitaa mitatu akitafuta chumba, na kila mwenye nyumba aliyesikia habari za mgonjwa wa kubebwa alikumbuka ghafla kwamba chumba kimeshachukuliwa. Ikabaki nyumba yake tu. Ikiezekwa, mama ana pa kulala. Isipoezekwa, watakuwa barabarani na kitanda.

Akamwita Fundi Kamba, akamwekea mezani pesa yote ya paa: ya mbao, ya mabati, ya misumari na ya ufundi. Yote kwa mkupuo mmoja. Mtu mwenye akili timamu hampi fundi pesa yote kwa mkupuo, na Mama Shuka akili alikuwa nazo. Ilikuwa aibu. Ile miezi saba ilikuwa imemkaa kooni, akataka fundi aone kwamba na yeye anaweza kulipa kabla hajadaiwa.

Fundi aliziangalia zile noti muda mrefu. "Mama, nipe za mbao kwanza."

"Chukua zote, fundi. Zikibaki kwangu nitazila."

Akazichukua. Mungu anajua, angezikataa siku ile, haya mengine yasingekuwapo.

Mbao zilikuja kweli, na wiki moja haikwisha kenchi za kubebea paa zikawa zimesimama, zimenyooka kabisa. Baada ya hapo, kimya. Mabati lini, fundi? Kesho, mama. Kesho ikifika, keshokutwa. Mara simu ikaanza kuita bila kupokelewa, mara ikawa haiiti kabisa, mwanamke wa kwenye simu anamwambia kwa adabu kwamba mtu anayemtafuta hapatikani kwa sasa. Mama Shuka alikwenda kiwanjani kila jioni kuzitazama zile mbao zikipauka kwa jua. Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha.

"Hilo paa lako," mama akamuuliza siku moja akiwa analishwa uji, "linaezekwa na malaika? Maana binadamu sijawaona wakienda."

Asubuhi moja alikuwa akitoka duka la dawa, akasikia nyundo. Aliyewahi kujenga anaujua mlio wa msumari wa bati, haufanani na mwingine. Akaufuata kama aliyeitwa. Mtaa wa tatu, nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, na juu ya nyumba, Fundi Kamba amechuchumaa, misumari mdomoni, anaezeka. Mabati mapya matupu, yanang'aa hadi yanaumiza macho.

"Fundi Kamba! Shuka!"

Fundi akageuka. Akaitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaitia mfukoni.

"Shuka nikuone! Mbao zangu zinaoza, mama yangu anatupwa nje, wewe unaezekea watu? Hayo ni mabati yangu! Mwizi wee!"

Watu wakajaa. Mwalimu mwenyewe akatoka ndani, miwani mkononi. "Mama, tulia kidogo. Na mimi nililipa. Haya mabati nimeyasubiri zaidi ya mwaka mmoja."

"Sikukuuliza umesubiri muda gani!"

Fundi alishuka, akasimama mbele yake mikono imelegea. Alisema neno moja tu, nisamehe, akalirudia. Lakini Mama Shuka alikuwa ameshapandwa na mori. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya mtaa, hata dawa za mama akazisahau kwenye baraza ya mwalimu, ikabidi azirudie jioni.

Ofisi ile ilikuwa chumba kimoja, meza moja, benchi mbili, kabati lisilofunga, na feni iliyozunguka kwa kusuasua. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mtu mnene, mwenye mwandiko mzuri na wa taratibu. Kila neno alilitamka kwanza mdomoni kabla ya kuliandika. Wajumbe walikuwa sita. Fundi Kamba alipoulizwa, hakujitetea.

"Pesa ulipokea?"

"Nilipokea."

"Yote?"

"Yote."

"Mbao umeweka. Pesa ya mabati iko wapi?"

"Nimeitumia kwenye nyumba nyingine."

Wajumbe wakaguna. Mwenyekiti akaandika, akamgeukia Mama Shuka. "Na wewe mama, lazima tusikie pande zote. Wewe kwa upande wako ulikuwa ukimlipa kwa wakati?"

Hapa jamani, mtu anaweza kujiuliza: angepungukiwa nini kusema kweli? Lakini alikuwa na wiki mbili na siku chache kabla ya kutolewa chumbani. Alikuwa na wanaume saba mbele yake, kalamu imeinuliwa. Aliona akisema neno moja la miezi saba, kesi itageuka, itaanza kuulizwa nani alimkosea nani kwanza, na mama atalala nje wakati wao wanajadiliana.

"Mwenyekiti, mimi tangu msingi sijawahi kumchelewesha fundi huyu hata siku moja."

Fundi Kamba akainua macho. Alimtazama, si kwa hasira, alimtazama tu.

"Ni kweli hayo, fundi?"

Mama Shuka akaukumbatia mkoba wake.

"Ni kweli," alisema fundi.

Ikaandikwa. Fundi apewe wiki mbili aezeke nyumba ya mama huyu. Akishindwa, apelekwe polisi. Alhamisi ya wiki ya tatu wote warudi kutia saini. Fundi akachora jina lake chini ya karatasi, akaaga kila mmoja, akatoka. Mama Shuka alirudi nyumbani na ushindi wake, uji wa jioni akamlisha mama, wa kwake akauacha.

Siku ya kumi mabati yalifika. Yalikuja kwa mkokoteni, safari tatu, fundi mwenyewe akisukuma. Mama Shuka alipoyaona, damu ikamchemka upya. Yalikuwa mekundu yaliyopauka, na kila bati lilikuwa na matundu ya misumari.

"Fundi, ni nini hiki?"

"Mabati, mama."

"Naona ni mabati, sijapofuka! Mbona yametoboka?"

"Matundu nitayaziba kwa lami. Hayavuji, mama. Nayafahamu haya, moja moja."

"Mimi nililipa mapya."

"Najua. Mapya nitakuletea mawili mawili, kadiri nitakavyopata. Haya yawasitiri kwanza."

Angeweza kukataa. Lakini wiki ile ndiyo wenye kuvunja vyumba walikuwa wameshaleta nyundo zao, wameziegemeza ukutani pale uani kila mtu azione. Akakubali kwa kununa. Fundi akafanya kazi siku mbili, peke yake, akipandisha bati moja baada ya jingine, akihakikisha kila tundu la zamani limekaa juu ya mgongo wa bati ili maji yasipate njia, akiziba kwa lami aliyoichemsha kwenye kopo. Vyumba viwili na sebule vikafunikwa. Jiko likabaki wazi, mabati hayakutosha. Alipomaliza hakuomba hata maji ya kunywa.

Wakahamia. Mama alilazwa kwenye chumba chake, hatua nne kutoka chooni, na mwanawe alipomuinua mara ya kwanza kumpeleka, wakafika kabla hajapata la kusema. "Hee," mama alisema, "kumbe hivi ndivyo wanavyoishi wenzetu." Siku ya pili ikapiga mvua, mvua ya maana, ya mchana kutwa. Mama Shuka alizunguka na beseni mkononi akitafuta panapovuja. Hapakuvuja popote.

Ungedhani moyo ungetulia. Wapi! Jirani mmoja alikuwa amepita akauliza kama nyumba inaezekwa mitumba siku hizi, na neno hilo likamwingia kama mwiba. Alijiona amepunjwa: pesa ya mabati mapya kaitoa, analala chini ya makuukuu ya watu. Akaamua atamfuata fundi nyumbani kwake apewe tarehe, mapya yatakuja lini. Tena alifurahi kuwa na hasira, maana hasira ilimfunikia lile neno alilolisema ofisini.

Miaka yote hiyo hakuwahi kufika kwa fundi. Aliuliza njia, akaelekezwa: pita kisima, nyumba ya mwisho, ile isiyo na paa.

"Isiyo na paa?"

"Ndiyo. Utaiona tu."

Akaiona. Kuta zake zilikuwa zimenyooka hivi kwamba asingehitaji kuambiwa ni mkono wa nani. Juu yake mbao tupu, na kwenye kila ubao, safu za vishimo palipong'olewa misumari. Kwenye pembe moja turubai la buluu lilikuwa limefungwa kwa kamba ya nailoni. Godoro lilisimamishwa nje likaushwe na jua. Sebuleni, mwanamke wa umri wake, sketi ameipandisha magotini, alikuwa anachota maji ya mvua kwa kizoleo na kuyamwaga mlangoni.

Mama Shuka akabaki amesimama.

Mke wa fundi akainua kichwa. Hakuuliza nani. "Karibu. Umekuja kuchukua na milango?"

"Sikujua, dada."

"Ungejuaje? Hujawahi kufika."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akuambie ili iweje?" Mwanamke alikitupa kizoleo ndani ya ndoo. "Sikiliza, maana yeye hatakuambia, na mimi nimechoka kunyamaza. Kuta zako zile unafikiri zilijengwa na nini miezi ile saba? Kwa mabati ya mwalimu. Mwalimu alikuwa ameshalipa paa lake, mume wangu akachukua pesa ile akanunulia saruji yako, kwa sababu ulimwambia akisimamisha hutaanza tena. Mwalimu akawa anakuja hapa kila wiki. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia fundi hayupo, na yupo chini ya kitanda, mtu mzima na mvi zake! Ulipokuja kulipa kidogo kidogo, ziliishia kwa vibarua na unga. Bati likapanda bei. Basi ulipomletea pesa ya paa lako, mwalimu alikuwa ameshakwenda kuita polisi. Ndiyo akamwezekea. Akangoja apate nyumba mpya ya kujenga ili akuezekee na wewe. Haikuja. Watu siku hizi wanatafuta mafundi vijana."

Mama Shuka akashika fremu ya mlango.

"Na ofisini ukasema hujawahi kumchelewesha hata siku moja," mwanamke aliendelea, sauti ikamshuka. "Alirudi akanisimulia huku anacheka. Anacheka, dada yangu! Aliyelia ni mimi. Wiki ya pili akapanda juu akaanza kung'oa. Nikamwambia, na mimi nilale wapi? Akaniambia, wewe una miguu miwili, mama yake hana."

Kuna aibu inayokutaka ukimbie, na kuna ile inayokunyima hata miguu ya kukimbilia. Pembeni ya mlango kulikuwa na blanketi kubwa limeloa chapachapa, limetupwa juu ya kiti. Mama Shuka akavua viatu, akaingia ndani ya maji, akalikamata upande mmoja. Mke wa fundi akamtazama, akasita, kisha akaja akashika upande wa pili. Wakalisokota, huyu huku, yule kule, kwa nguvu zote, kama alivyofanya na wenzake hospitalini kwa miaka thelathini na mmoja. Maji yakatiririka. Wakalikunjua, wakalisokota tena. Machozi yalikuwa yanamtoka Mama Shuka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Alhamisi ikafika. Mwenyekiti alikuwa mwenye furaha. Si kila siku kesi huisha bila polisi. Karatasi ilikuwa imeshaandikwa: nyumba imeezekwa, mlalamikaji ameridhika. Akamsogezea kalamu.

"Siwezi kutia saini hapo," alisema Mama Shuka.

"Ala! Kuna nini tena, mama?" Mjumbe mmoja akacheka kwa kuchoka. Fundi Kamba akainamisha kichwa.

"Hayo maneno si ya kweli. Nilisema sijawahi kumchelewesha. Nilimchelewesha miezi saba. Alinijengea kuta zangu kwa pesa ya mtu mwingine kwa kuwa nilimwomba asisimamishe. Nilidanganya hapa, mbele yenu wote, nikamwacha atukanwe peke yake. Na mabati yaliyo juu ya nyumba yangu yametoka juu ya nyumba yake."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akaiokota tena. "Fundi, mbona wewe ulisema ni kweli?"

"Pesa ya mama nilikuwa nimeila, mwenyekiti. Ningeanzia wapi kumkosoa?"

"Sasa mimi niandike nini? Nani anamdai nani?"

"Mimi ndiye ninayemdai," alisema Mama Shuka. "Pesa ya mabati nilitoa, na mabati mapya bado namdai, sijamsamehe hilo. Lakini yale ya kwake ayachukue. Nitabaki na ya chumba cha mama tu, hadi atakapopata. Andika hivyo."

"Mama, yaache," fundi alisema taratibu. "Mvua zinakuja."

"Kwako hazinyeshi?"

Fundi akatoa kitambaa mfukoni, kikatoka pamoja na ile kamba yake, akajifuta uso, kisha macho. Mwenyekiti akaandika, akitamka kila neno.

Akaja Jumamosi asubuhi, mkokoteni mtupu nyuma yake, ngazi begani. Mke wake alikuja naye, akabaki barabarani akiushika mkokoteni, hakutaka kuingia. Fundi akapanda. Nyundo ikaanza, mlio wa msumari ukitoka kwenye ubao, unaosaga meno.

Mama alikuwa amelala kitandani kwake, uso juu. "Anamalizia jiko?"

"Hapana, mama. Anaezua sebule. Na chumba changu."

"Anaezua? Kwa nini?"

"Mabati si yetu."

"Ni ya nani?"

"Ya mke wake. Nyumba yao iko wazi. Waliyatoa kwao wakatuletea sisi. Na mimi ofisini nilisema uongo juu yake, mama. Nilisema sijawahi kumchelewesha."

Mama hakusema kitu, na kwa mama huyo kutosema kitu lilikuwa jambo zito. Nyundo ikalia juu yao. Bati moja likakwaruza, likatelezeshwa chini, na mwanga wa jua ukaingia sebuleni hadi kwenye kizingiti cha chumba.

"Na sisi mvua ikija?"

"Tutakaa humu wawili. Nitalala chini, hapa karibu yako."

Mama aligeuza macho kwenye ule mwanga. Mkono wake mzima ukawa unakunja na kukunjua pindo la shuka.

"Huko juu yuko na nani?"

"Peke yake."

"Mzee mzima yule, peke yake, na wewe umekaa hapa unaongea na mimi? Toka ukamshikie ngazi."

Mama Shuka akatoka, akaishika ngazi.